Msitu ukibaki umesimama, nani analipwa? Tujadili uchumi wa kuhifadhi bioanuwai, misitu na mito

Mkokotozi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mijadala ya mazingira karibu yote huishia kwenye mvutano uleule. Mmoja anasema uhai hauna bei, mwingine anajibu kwamba watu hawali majani. Kila mmoja anashangiliwa na wa kwake, uzi unafungwa. Leo naomba tuweke kelele hizo kando, tuulize jambo moja: msitu ukiachwa umesimama, nani anapata hela na nani anakosa?

Mchukulie mtu mwenye hekta chache za msitu mlimani, juu ya chanzo cha mto. Akiuacha, maji yanashuka safi, bwawa la umeme halijai tope, wadudu wanaochavusha mazao ya majirani wanapata pa kuishi, na hewa ukaa inabaki ndani ya miti. Faida zote hizo zinawaendea watu wengine, wengi wao hata hawamjui. Akikata, pesa ya magogo na mkaa ni yake, mavuno ya misimu miwili mitatu ni yake, na tope ni shida ya walio bondeni. Mtu huyu hajakosea hesabu. Kapiga hesabu sawasawa kwa bei alizozikuta, ila bei hizo zimeacha nusu ya mambo nje. Mchumi Arthur Pigou alilieleza tatizo la aina hii mwaka 1920, na dawa yake ilikuwa kodi na ruzuku: anayewatia wengine hasara alipe, anayewaletea faida alipwe. Miaka mia moja imepita na mara nyingi tunafanya kinyume chake. Nitakuja huko.

Mwaka 1997 Robert Costanza na wenzake walijaribu kukadiria thamani ya huduma ambazo maumbile yanatupa duniani kote: kusafisha maji, kuchavusha, kupunguza mafuriko, jumla aina 17. Wakapata wastani wa dola trilioni 33 kwa mwaka, wakati pato la dunia nzima lilikuwa kama trilioni 18. Namba hiyo imenukuliwa kila mahali, na kwa maoni yangu haimsaidii mtu yeyote kuamua lolote. Hakuna mnunuzi wa maumbile yote kwa mpigo. Misitu hupotea hekta baada ya hekta, na kila hekta ina mtu wake mwenye shoka na sababu zake.

Linganisheni na jiji la New York. Karibu asilimia 90 ya maji yake hutoka milima ya Catskill na bonde la mto Delaware. Sheria za maji ya kunywa zilipokazwa, jiji likawa na njia mbili: lijenge mtambo wa kuchuja, au lithibitishe kwamba vyanzo vyake vinalindwa. Mtambo ulikadiriwa kugharimu dola bilioni 6 hadi 8, bado gharama za kuuendesha kila mwaka. Jiji likachagua kulinda. Mwaka 1997 likasaini makubaliano na miji midogo na wakulima wa huko juu. Likanunua ardhi kwa waliotaka kuuza, likagharamia mitambo ya majitaka, likawalipia wakulima uzio wa kuzuia ng'ombe wasiingie vijitoni na sehemu za kutunzia samadi isisombwe na mvua. Gharama yake ikawa sehemu ndogo tu ya ile ya mtambo.

Angalieni kilichowezesha hilo. Kulikuwa na mnunuzi mmoja anayekusanya bili za maji, kulikuwa na wauzaji wanaojulikana kwa majina na mipaka ya mashamba yao, na nyuma ya wote kulikuwa na sheria inayosema usipolinda utajenga mtambo.

Sasa tazameni mahali ambapo vitu hivyo havikuwepo. Mwaka 2007 Rais Rafael Correa wa Ecuador aliiambia dunia kwamba chini ya hifadhi ya Yasuní kuna mafuta, na kwamba nchi yake iko tayari kuyaacha ardhini ikilipwa nusu ya thamani yake, yaani dola bilioni 3.6. Sifa zilimiminika. Pesa zilizoingia kweli zilikuwa kama dola milioni 13. Agosti 2013 akauvunja mpango, na mwaka 2016 mafuta yakaanza kutoka. Mwaka 2023 wananchi wa Ecuador wakapiga kura ya maoni na karibu asilimia 59 wakataka uchimbaji ukome. Maana yake walioamua kubeba gharama ni wenye nchi, wakati faida ya hewa ukaa iliyobaki ardhini ni ya dunia nzima, ambayo ilipoombwa mchango kila mmoja alimsubiri mwenzake.

Hoja yangu ni kwamba thamani ipo tele. Kinachokosekana ni bomba la kupitisha malipo kutoka kwa anayefaidi kwenda kwa anayetunza. Nawasilisha, karibuni mnikosoe.

Jembe Butu

Mkuu umeeleza vizuri ila umeikwepa bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe. Maji yana bili, mbao zina bei, sawa. Chura wa milimani je? Popo? Ndege ambaye haliwi wala hapigwi picha na watalii? Kwa hesabu yako hao wote wafe tu, maana hakuna wa kuwalipia.

Mkokotozi

Nakujibu kwa ndege ambaye hana mpenzi: tumbusi.

Miaka ya 1990 wafugaji wa India walianza kutumia kwa wingi dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki kwa mifugo, baada ya bei yake kushuka. Tumbusi akila mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa kwa dawa hiyo, figo zake zinaharibika na anakufa. Aina tatu za tumbusi zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95. Chanzo kilijulikana mwaka 2004, na mwaka 2006 India, Nepal na Pakistan zikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Katikati ya hapo mizoga ilikuwa inaozea nje, mbwa wa mitaani wakaongezeka, kichaa cha mbwa nacho kikapata nafasi, na uchafu ukaingia kwenye maji. Wachumi Eyal Frank na Anant Sudarshan walichapisha hesabu yao mwaka 2024: vifo vya ziada vya watu kama 500,000 kati ya mwaka 2000 na 2005, hasara ya karibu dola bilioni 69 kwa mwaka.

Kabla ya hapo ungemuuliza mtu yeyote tumbusi anaingiza nini kwenye pato la taifa, angekucheka. Kazi ya spishi nyingi hatuijui mpaka ziondoke, na zikishaondoka hazinunuliki tena. Kwa hiyo kwenye bioanuwai mimi naamini zaidi marufuku na mipaka kuliko malipo. Malipo yabaki kwa huduma unayoweza kuipima, kama maji.

Mhasibu Mstaafu

Vijana wangu, adui mkubwa mmemruka. Anaitwa kiwango cha punguzo, yaani namna tunavyoishusha thamani ya pesa ya baadaye ili tuilinganishe na ya leo.

Chukueni faida ya 1,000,000 itakayopatikana miaka 100 ijayo. Ukiishusha kwa asilimia 5 kila mwaka, leo inahesabiwa kama 7,600 tu. Ukitumia asilimia 1 inakuwa kama 370,000. Msitu ni uleule, mto ni uleule. Mtaalamu anayeandaa andiko la mradi akibadilisha tarakimu moja kwenye jedwali lake, kilichokuwa cha kulindwa kinageuka cha kukatwa, na huku chini hakuna atakayejua.

Mwanahisabati Colin Clark alipiga hesabu ya nyangumi mwaka 1973. Akaonyesha kwamba hata mmiliki mmoja asiye na mshindani, kama mnyama wake anaongezeka polepole kuliko riba, anaweza kupata faida kubwa zaidi kwa kuwavua wote sasa na kuipeleka pesa benki. Ndiyo maana wakija wale wa "mpe mtu binafsi umiliki, atatunza" huwa nawauliza: anatunza kwa riba ya ngapi? Mti unaokomaa kwa miaka 80 hauwezi kushindana na mkopo wa asilimia 15.

Mwana wa Ukingoni

Mimi ni mkazi wa mpakani mwa hifadhi, naomba niseme na wenye matrilioni. Tembo akiingia shambani usiku mmoja, mwaka mzima umekwenda. Fidia ukiifuatilia unazungushwa mpaka unaichoka mwenyewe. Magari ya watalii yanapita na vumbi lao, hela zinabaki mjini. Halafu tukikata nguzo ya kujengea tunaitwa waharibifu. Huyo mtu wa mlimani uliyemtaja, Mkokotozi, ndiye mimi. Nambie bomba lako linapita wapi.

Mkokotozi

Ndugu yangu, uliyoyasema ndiyo kiini cha uzi. Uhifadhi mwingi umesimama juu ya gharama ambayo watu wa pembezoni wanaibeba bila kuhesabiwa popote.

Namibia walibadili sheria mwaka 1996. Wanavijiji wakiunda hifadhi ya jamii yenye mipaka na wanachama wanaojulikana, wanapata haki juu ya wanyamapori na mapato ya utalii yanayotokana nao. Leo hifadhi za namna hiyo zimepita 80 na zinafunika kama moja ya tano ya nchi. Rwanda nao waliongeza mwaka 2017 mgawo wa mapato ya hifadhi za taifa unaokwenda kwa jamii jirani, kutoka asilimia 5 hadi 10. Kama asilimia 10 inamtosha anayekesha akilinda shamba, hilo nakuachia wewe useme.

Ila kuna mtego humo. Mwaka 2020 watalii waliposimama kwa ajili ya korona, jamii zilizokuwa zinategemea mapato hayo zilikauka kwa miezi. Mnyama aliyelindwa kwa sababu ya mtalii anabaki bila ulinzi mtalii asipokuja.

Sauti ya Kijito

Mbona hamjataja Costa Rica? Wale walimaliza kazi. Sheria yao ya misitu ya mwaka 1996 iliweka malipo kwa wenye misitu, pesa kubwa ikitoka kwenye kodi ya mafuta ya magari. Miaka ya 1980 msitu ulikuwa umebaki kama robo ya nchi, leo ni zaidi ya nusu. Dereva anachafua hewa, mwenye msitu analipwa. Pigou angefurahi.

Jembe Butu

Polepole mkuu. Sheria hiyohiyo ya 1996 ilipiga marufuku kugeuza msitu kuwa kitu kingine. Bei ya nyama ya ng'ombe nayo ilikuwa imeshuka, malisho hayalipi, na utalii ukapanda. Wengi waliolipwa walikuwa na misitu kwenye miteremko ambayo wasingeigusa hata bila senti. Kulipia kitu ambacho kingetokea chenyewe ni zawadi, tusiiite uhifadhi.

Sauti ya Kijito

Kwa hiyo malipo hayafanyi kazi popote?

Mkokotozi

Yanafanya, ukiyapima vizuri. Seema Jayachandran na wenzake walifanya jaribio magharibi mwa Uganda, matokeo yakatoka mwaka 2017. Vijiji 121, kura ikapigwa, 60 vikapewa mpango na 61 vikaachwa kwa kulinganisha. Mwenye msitu aliyekubali kutokata aliahidiwa shilingi 70,000 za Uganda kwa hekta kwa mwaka, kama dola 28. Baada ya miaka miwili miti ilikuwa imepungua kwa asilimia 4.2 kwenye vijiji vyenye mpango na asilimia 9.1 kwenye vile vingine. Upotevu ukakatwa zaidi ya nusu kwa pesa ndogo sana. Na bila vile vijiji 61 kusingekuwa na mtu wa kujibu hoja ya Jembe Butu, maana kila mtu angesema msitu ungebaki tu.

Kasoro yake ni kwamba mkataba wa miaka miwili unanunua miaka miwili. Malipo yakikoma, shoka halijaenda mbali.

Mti Mkavu

Na hizi biashara za kaboni, za kuuza vyeti vya hewa ukaa inayobaki ndani ya miti? Kila wiki kuna kampuni inatafuta msitu wa kusaini nao.

Jembe Butu

Hapo ndipo hoja yangu inapouma. Muuzaji wa kaboni anauza tofauti kati ya kilichotokea na ambacho kingetokea. Hiki cha pili hakuna aliyekiona, na anayekikadiria analipwa zaidi akikadiria maafa makubwa. Utafiti wa Thales West na wenzake uliotoka mwaka 2023 ulipitia miradi 26 katika nchi sita na kukuta kwamba mingi haikupunguza ukataji miti kwa kiasi cha maana. Mnunuzi hadai ubora, anataka cheti. Muuzaji naye anataka cheti. Soko ambalo pande zote mbili zimeridhika na bidhaa hewa nani atalikagua?

Mti Mkavu

Duh. Basi kuna haja ya kusoma mkataba mara mbili.

Mkokotozi

Mara tatu. Tazama hasa kipengele cha muda na cha nani anamiliki hiyo kaboni, ndipo uje kwenye bei.

Jembe Butu

Naongeza mfano unaomtikisa mleta mada. Kwenye Amazoni ya Brazil, mwaka 2004 zilikatwa kilomita za mraba 27,772. Mwaka 2012 zikashuka hadi 4,571. Kulikuwa na msaada wa Norway kupitia Mfuko wa Amazoni kuanzia 2008, lakini kazi kubwa ilifanywa na setilaiti, askari wa mazingira na faini. Baadaye usimamizi ulipolegezwa ukataji ukapanda tena, mwaka 2021 ulipita kilomita za mraba 13,000. Bomba la malipo liko wapi hapo? Mimi naona serikali yenye meno.

Mkokotozi

Meno yapo, sibishi. Ila mwaka 2008 serikali iliwazuia wakulima wa Amazoni wasio na nyaraka za ardhi na mazingira kupata mikopo ya kilimo yenye ruzuku. Miaka miwili kabla, wanunuzi wakubwa wa soya walikubaliana kutonunua kutoka kwenye ardhi iliyofyekwa upya. Mfugaji aliyekata msitu akakuta benki imefungwa, mkulima wa soya akakosa soko. Kwangu hiyo nayo ni bei, tena kali kuliko faini ambayo mtu anaikatia rufaa miaka kumi.

Na hapa ndipo ile kauli yangu ya kwamba tunafanya kinyume. Ripoti ambayo Partha Dasgupta aliiandaa kwa ajili ya serikali ya Uingereza mwaka 2021 ilikadiria ruzuku zinazoharibu maumbile kuwa dola trilioni 4 hadi 6 kwa mwaka: mafuta, maji ya bei ya kutupa, kilimo, uvuvi. Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa bioanuwai uliofanyika Montreal Desemba 2022 ulikubaliana dunia itafute dola bilioni 200 kwa mwaka kwa ajili ya bioanuwai ifikapo 2030, na ipunguze ruzuku zenye madhara kwa angalau bilioni 500 kwa mwaka. Linganisheni namba hizo. Tunalipa mabilioni kuzima moto ambao tunaununulia kuni kwa matrilioni. Ningekuwa waziri wa fedha ningeanzia kwenye ruzuku, maana kuziondoa hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji kugombana na watu wenye nguvu, na ndiyo sababu haianziwi hapo.

Dada Haidrolojia

Mmezungumza misitu mpaka mito imekauka 😄

Mto una tatizo lake: maji yanayofika baharini huandikwa kwenye vitabu vya mipango kama maji yaliyopotea. Kwa fikra hiyo Umoja wa Kisovieti ulielekeza Amu Darya na Syr Darya, mito inayoilisha Bahari ya Aral, kwenye mashamba ya pamba kuanzia miaka ya 1960. Pamba ilionekana kwenye takwimu za uzalishaji. Bahari ya Aral haikuwa na mstari wake kwenye bajeti, na mwaka 2007 ilikuwa imebaki kama sehemu ya kumi ya eneo lake la zamani. Uvuvi ulikwisha, vumbi la chumvi likahamia mashambani na kwenye mapafu ya watu. Gharama zilikuwepo tangu siku ya kwanza, ila zilikuwa za wizara nyingine.

Bwawa pia lina hesabu yake ya mwisho ambayo hakuna anayeiandika mwanzoni. Kwenye mto Elwha, Marekani, mabwawa mawili yalibomolewa kati ya 2011 na 2014, na urejeshaji mzima wa mto uligharimu kama dola milioni 325. Samaki aina ya samoni wakarudi sehemu za juu walikofungiwa kwa karibu karne. Hiyo gharama ya kubomoa ilipaswa kuwa kwenye karatasi za siku ya kujenga.

Mhasibu Mstaafu

Na ukiishusha kwa asilimia 5 kwa miaka 100 binti yangu, siku ya kujenga isingeonekana.

Dada Haidrolojia

Shikamoo mzee, umenimaliza.

Mwana wa Ukingoni

Nimesoma yote. Narudi kwangu. Msitu wetu ni wa kijiji, hauna mtu mmoja. Huko chini kuna mamlaka ya maji inayochota kwenye mto unaotoka kwetu. Tunaanzia wapi? Nikilifikisha kikaoni wataniuliza kama mali ya wote inaweza kutunzwa.

Mkokotozi

Hilo la mwisho jibu lake lipo. Garrett Hardin aliandika mwaka 1968 kwamba mali ya wote lazima iangamie. Elinor Ostrom akatumia miaka mingi kupitia misitu, mifereji na maeneo ya uvuvi yanayosimamiwa na wanajamii wenyewe, mengine kwa karne kadhaa, na mwaka 2009 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Yaliyodumu yalikuwa na mipaka inayojulikana, kanuni zilizotungwa na watumiaji, walinzi wanaowajibika kwao, na adhabu inayoanza ndogo na kupanda. Alichokisema Hardin kinatokea pale ambapo hakuna kanuni yoyote.

Kuhusu mamlaka ya maji, usiende na hoja ya uzuri wa msitu. Nenda na hoja ya tope. Waulize wanatumia kiasi gani cha dawa ya kusafishia maji mvua zikiwa nyingi, na mtambo unasimama mara ngapi. Ile gharama ndiyo dari ya wanachoweza kuwalipa. Dari ikiwa chini kuliko mnachopoteza kwa kutolima sehemu ya juu, hakuna biashara, na ni afadhali mjue mapema. Ikiwa juu, mna nafasi ya kuelewana. Kampuni ya maji ya chupa ya Vittel huko Ufaransa ilipoona naitreti (kemikali itokanayo na mbolea na samadi) inakaribia chemchemi zake, iliingia mikataba ya miaka 18 hadi 30 na wakulima wa eneo lile. Muda mrefu hivyo ni kwa sababu mkulima habadilishi shamba lake kwa ahadi ya msimu mmoja. Malipo yaje kila mwaka baada ya ukaguzi. Msikubali yote mwanzoni, na wao wasikubali kuyatoa yote.

Dada Haidrolojia

Kabla ya kusaini chochote, pimeni tope kwenye mto kwa msimu mzima wa mvua, mahali wanapochotea na juu kidogo pale mto unapotoka msituni. Bila kipimo cha mwanzo, mwaka wa tatu mtabishana.

Mwana wa Ukingoni

Apime nani, sisi au wao?

Dada Haidrolojia

Wote wawili, siku moja, chupa moja mkiigawa. Daftari liwe mawili na kila upande usaini la mwenzake.